Mkalimani wa Fundi Majiko

Saa nane mchana kuni zilikuwa bado zinalia ndani ya jiko, na wifi alikuwa amesema saa kumi kamili atakuwa mlangoni. Mkalimani alipiga magoti sebuleni mbele ya lile jiko la chuma, akausogeza uso kwenye kioo cha mlango wake, asione kitu. Weusi mtupu. Kioo hichohicho alikuwa amekisugua asubuhi kwa gazeti lililolowa na majivu mpaka bega likamuuma, kikang'aa, na sasa kilikuwa kama hakijawahi kuguswa. Nyuma ya kioo gogo lilikuwa linatoka povu kwenye ncha na kufanya ssss, na moshi ulikuwa unapanda bombani shingo upande, mwingine ukighairi njiani na kurudi chumbani.

Kwenye kiti cha dirishani baba mkwe wake alikohoa.

"Pole, Baba," alisema. "Litashika sasa hivi."

Alikuwa amelisema hilo tangu saa tatu asubuhi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika katika nyumba ile. Baba mkwe alipopatwa na kiharusi, miezi kumi iliyopita, mkono wake wa kulia ulikufa na ulimi ukawa mzito, na maneno yakawa yanatoka yamekatikakatika. Mwanawe, dereva wa lori ambaye mwezi mzima huwa barabarani na siku tatu nyumbani, hakuambulia kitu. Majirani waliitikia "ehe, ehe" huku wakiangalia pembeni. Mke wa dereva peke yake ndiye aliyekuwa akisikia. Baba anataka chai. Baba anasema mto uko chini mno. Baba anakusalimu, anauliza watoto hawajambo? Mume akacheka, akasema kumbe nimeoa mkalimani, na jina likaganda hapohapo. Tuseme ukweli tu: alilipenda. Alilipenda kupita kiasi. Mgeni akiingia na mzee akafumbua mdomo, watu wote walimgeukia yeye, na yeye alikuwa akikawia kidogo kabla ya kutafsiri, maana alijua hakuna mwingine wa kuulizwa.

Mzee mwenyewe mtaa mzima ulimwita Fundi. Mji ule wa mlimani una baridi ya kung'ata mifupa, na kwa miaka arobaini yeye ndiye aliyekuwa akikata mabamba ya chuma, kuyakunja na kuyachomelea mpaka yakawa majiko ya kupasha nyumba joto. Jiko la sebuleni lilikuwa kazi ya mikono yake: miguu minne mifupi, mlango wa kioo, bomba nene linalopenya dari na kutokea juu ya paa. Chini, usawa wa magoti, palikuwa na kilango cha hewa, kibamba chenye mshikio mdogo. Ukikivuta, hewa inaingia na moto unachangamka. Ukikisukuma, hewa inakatika na moto unasinzia. Fundi alikuwa mtu wa hasira za karibu. Mteja akirudi kulalamika kwamba jiko linatoa moshi, alijibiwa kwamba jiko halitoi moshi, wewe na kuni zako ndio mnaotoa moshi.

Na wifi ndiye aliyekuwa anakuja kumchukua.

Wifi, dada mkubwa wa mume wake, alikuwa mwalimu mkuu katika mji wa mbali, mtu anayeongea na watu wazima wenzake kama darasa la tatu. Jumatano alipiga simu. "Wifi yangu, nimemsikia Baba anakohoa nyuma yako. Hicho si kikohozi cha mafua, ni cha moshi. Jumamosi nafunga safari, saa kumi nipo hapo, nikikuta nyumba inanuka moshi naondoka naye. Na usiniambie tena kwamba hataki." Mara tatu mwaka ule wifi alikuwa amemwita baba yake kwake, na mara tatu Mkalimani alikuwa amemjibu kwa upole kwamba Baba anasema hataki.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali. Saa mbili zilibaki za kuipata sebule yenye joto, kioo cheupe na mzee asiyekohoa. Akishindwa, mzee anaondoka. Na Mkalimani alimpenda mzee yule. Siku ya kwanza alipoingia katika nyumba hii akiwa bi harusi mwenye kigugumizi cha woga, Fundi ndiye aliyemwita mwanangu kabla ya mtu yeyote. Zaidi ya hapo, aliogopa. Mume akiwa barabarani, bila Fundi nyumba ingebaki ya mtu mmoja, na mtu huyo angekuwa mkalimani wa nani?

"Naenda kuchagua kuni nyingine," alisema.

Fundi aliinuka. Alichukua fimbo yake kwa mkono wa kushoto, akaanza kumfuata, mguu mmoja ukitembea na mwingine ukiburutwa.

"Baba, kaa. Nje kuna upepo."

Mzee hakukaa.

Rundo la kuni lilikuwa uani, nyuma ya ukuta, limefunikwa turubai la bluu kuanzia juu hadi chini, limezungushiwa kamba mara nne na kukandamizwa kwa mawe. Lilikuwa rundo la kujivunia. Kuni zilipoletwa, miezi saba nyuma, zikiwa zimepasuliwa lakini bado zinanuka utomvu, Fundi alisimama pale dirishani akagonga kioo kwa fimbo na kupiga kelele, "Funga! Funga!" Mkalimani akaleta turubai, akafunga. Mzee akazidi kugonga, "Funga!" Akaongeza kamba. Akagonga tena, akatikisa kichwa, uso umemwiva kwa hasira, na Mkalimani akaongeza mawe, akacheka akamwambia jirani kwamba huyu mzee haridhiki mpaka kuni zifungwe kama maiti. Kila wiki lilikuwa hilohilo, funga, funga. Baadaye mzee alinyamaza, na Mkalimani akajua kwamba sasa ameridhika.

Siku zote alikuwa akichomoa kuni za pembeni kwa kupapasa, bila kufunua; leo alilegeza fundo moja, akainua pembe ya turubai juu ili achague.

Harufu ilimpiga usoni kwanza, harufu ya kisima kilichoachwa. Upande wa ndani wa turubai ulikuwa umejaa matone ya maji, manene, yakashuka na kumlowesha mikono. Kuni za chini zilikuwa na ukungu mweupe. Kwenye gome la gogo moja uyoga ulikuwa umeota, vikofia vinne vilivyopangana vizuri. Aligonga kuni mbili pamoja kama alivyowahi kumwona Fundi akifanya. Hazikulia ko, zilitoa mlio mfu, du. Miezi saba ya jua na upepo, na kuni zilikuwa mbichi kuliko zilivyoletwa.

Nyuma yake Fundi alisema, "Funga."

"Nafunga, Baba, nafunga," alisema, akaanza kulirudisha turubai.

Fimbo ilianguka chini. Mzee aliupeleka mkono wake mzima juu ya mkono wa mkwewe, akaushika ule ukingo wa plastiki na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Turubai likachanika kidogo. Akavuta tena. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, upande mmoja ukifanya kazi na mwingine ukining'inia, na kati ya ngu na a ulimi wake ulikuwa unahangaika kama mtu anayejaribu kuruka mfereji na kila mara anatua palepale.

"Fung... Fung... a."

Mkalimani alimtazama mdomoni. Miezi kumi alikuwa akimsikiliza, na hakuwahi kumtazama hivyo mdomoni.

"Baba," alisema polepole. "Ulikuwa unasema fungua?"

Mzee aliacha kuvuta. Akamtazama. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja, kwa uchovu.

"Tangu siku ile? Miezi yote saba?"

Akaitikia tena.

Mkalimani aliliachia turubai. Wala haikuwa turubai peke yake. Kila jioni, alipokuwa akilisinzisha jiko ili kuni zifike asubuhi, mzee alikuwa akisema neno lile, na yeye alikuwa akikisukuma kile kilango mpaka mwisho na kumjibu "nimefunga, Baba, lala salama." Madirisha, siku za joto. Mlango wa chumba. Shati! Mara ngapi mzee alikuwa ameshika kola yake akisema neno lile, na yeye akamfunga kifungo cha juu kabisa, cha kooni, akampigapiga kifuani na kumwambia sasa umependeza? Alitaka kucheka na hakuweza. Alijisikia aibu ambayo hakuwahi kuijua.

"Nisamehe, Baba."

Mzee alinyoosha kidole kwenye fimbo yake. Alimwokotea, wakarudi ndani.

Ingekuwa vyema angekaa chini akafikiri. Lakini ilikuwa saa tisa kasoro, na mtu mwenye saa moja hafikiri, anakimbia. Aliingia stoo, akatoa miguu minne ya meza iliyovunjika na vipande vya mbao ambavyo Fundi alivileta kutoka karakana miaka mingi nyuma, vikavu mpaka vina nyufa, vyepesi mkononi. Akavigonga. Ko! Kama kengele. Alitoa lile gogo linalolia kwa koleo, akalitupa uani, akapanga vile vipande vikavu juu ya makaa, kisha akakishika kilango cha hewa na kukivuta mpaka mwisho, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mzee augue.

Moto uliinuka. Haukuwa ule moto mwekundu wa kujikunyata aliouzoea. Ulikuwa wa manjano, mrefu, unaojaza jiko zima. Moshi ukaisha. Weusi wa kioo ukaanza kung'oka wenyewe kuanzia katikati, na kwa robo saa Mkalimani aliweza kuona ndani kama anaangalia dirishani. Joto likafika kwenye kiti cha mzee, likafika mlangoni. Hakuna aliyekohoa.

"Umeona, Baba? Nimefungua!"

Fundi hakuwa anaangalia kioo. Alikuwa anaangalia bomba, pale linapoingia darini.

"Funga," alisema.

"Ndiyo, nimekifungua chote. Hakifunguki zaidi ya hapo."

"Funga." Akagonga sakafu kwa fimbo.

"Nimekuelewa, Baba, wallahi leo nimekuelewa," alisema Mkalimani akicheka, akaongeza mguu wa mwisho wa meza.

Wifi alifika saa tisa na nusu, kwa sababu walimu wakuu huwahi ili wakute watu wanachelewa. Aliingia na mkoba begani na funguo za gari mkononi, akasimama katikati ya sebule na kunusa. Akanusa tena. Akaliangalia jiko, akaangalia kioo, akamwangalia baba yake ambaye hakuwa amegeuka hata kumsalimia.

"Shikamoo, Baba. Wifi yangu, hujambo." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa hoja. "Mbona pazuri? Mimi nilijiandaa kukuta..."

Hakumaliza. Ndani ya bomba kitu kilipasuka, tak. Kikapasuka tena, tak-tak. Halafu ukaanza mngurumo, wa chini kwanza, kama lori linalopanda mlima mbali, kisha karibu, kisha lori likawa ndani ya ukuta. Bomba likatetemeka. Vikombe vilivyokuwa juu ya kabati vikaanza kugongana.

"Nini hiyo?" aliuliza wifi.

Fundi alikuwa amesimama, na hakuna aliyemwona akiinuka. "Funga! Funga! Funga!"

Bomba, juu kidogo ya jiko, lilikuwa linabadilika rangi. Mkalimani alidhani macho yanamdanganya, lakini wekundu ule ulikuwa unapanda, kiganja kwa kiganja, kuelekea dari la mbao. Masizi ya miezi saba, yale yaliyoganda ndani ya bomba kama lami kwa moshi wa kuni mbichi, yalikuwa yamepata moto wa kweli kwa mara ya kwanza, na sasa yalikuwa yanaungua yenyewe, juu kule, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki.

"Anasema nini?" wifi alipiga kelele. "Wewe si ndiye unayemsikia? Baba anasema nini?"

"Fungua," alisema Mkalimani. "Anasema fungua!"

Aliona mantiki ya neno hilo: moto umenaswa, moto unataka njia. Kilango kilikuwa wazi tayari. Akashika mpini wa mlango wa kioo, akaufungua upana wa kiganja. Mngurumo ukageuka mlio. Jiko likavuta hewa ya chumba kwa nguvu hadi pazia likainuka na kuelekea motoni, na juu yao dari likaanza kutoa uzi mwembamba wa moshi kuzunguka bomba.

Wifi alitupa mkoba, akakimbilia jikoni, akarudi na ndoo ya maji.

"Sogea!"

Fundi alipiga ukelele ambao haukuwa na neno ndani yake. Aliiangusha fimbo, akajitupa mbele ya ndoo, maana chuma kilichowiva hupasuka kikimwagiwa maji, akashika ukingo wake kwa mkono mmoja, na maji yakamwagika miguuni mwao wote wawili. Alikuwa anawatazama kwa zamu, binti yake, mkwewe, na kusema neno lile, na kulisema, na kulisema, machozi yakimtoka kwa hasira.

"Baba anasema nini, jamani!"

Mkalimani alifumbua mdomo. Miezi kumi hakuwa amewahi kukosa jibu. Alijua alichokisikia, na alijua kwamba angeweza kukitamka vyovyote vile, na wifi angeamini, na nyumba ingeungua au isingeungua.

"Sijui," alisema. Halafu akapaza sauti, "Sijui! Sijui anasema nini! Yote mawili yanatoka sawa!"

Alimgeukia mzee, akamshika mabega. "Baba. Nionyeshe. Usiseme, nionyeshe."

Fundi aliinua mkono wa kushoto mbele ya uso wake, vidole vimekunjuliwa. Kisha akavikunja vidole vyote vitano, akakaza ngumi mpaka mifupa ikawa myeupe.

Funga.

Mkalimani aliusukuma mlango wa kioo kwa goti. Akapiga magoti, akaukamata mshikio wa kilango cha hewa kwa mkono mtupu, maana koleo lilikuwa limebaki uani. Chuma kilimchoma, akasikia harufu ya ngozi yake mwenyewe, akasukuma. Kilikwama nusu. Akasukuma kwa viganja vyote viwili huku analia kwa sauti, na kikaingia mpaka mwisho.

"Mtoe nje!" alisema. "Wifi, mtoe Baba nje!"

Walisimama uani watatu, upepo ukiwapiga. Cheche zilikuwa zinaruka kutoka kwenye bomba juu ya paa, nyingi, mchana kweupe, zikitua kwenye mabati na kuzimika. Wifi alikuwa anaongea na zimamoto kwenye simu, anataja mtaa, anaurudia, anauliza mtakuja lini, mtakuja lini. Fundi hakuwaangalia. Alikuwa ameinua uso, ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Mngurumo uliendelea. Mkalimani alihesabu mpaka mia, akapoteza hesabu, akaanza upya. Alikuwa ameweka viganja vyake ndani ya maji ya pipa na hakukumbuka alivyofika hapo.

Kisha lori likaanza kushuka mlima. Sauti ikapungua, ikawa mvumo, ikawa pumzi, ikaisha. Fundi aliteremsha uso wake, akatoa pumzi ndefu, akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni.

Zimamoto walipofika walikuta kazi imekwisha. Mmoja wao alipanda darini, akapapasa mbao kuzunguka bomba, akamwagia maji kidogo, akashuka na kusema mna bahati, mbao mbili tu zimebabuka. Mwenzake aligonga bomba kwa nje na vipande vyeusi vikaanguka ndani ya jiko, vyepesi, vinang'aa, vimevimba kama mkate. "Haya ni masizi ya kuni mbichi," alisema. "Na moto wa kubanwa. Jiko lisiguswe mpaka bomba likwanguliwe lote. Nani anawasha humu?"

"Mimi," alisema Mkalimani.

Walipoondoka, wifi alimfunga viganja kwa kitambaa safi jikoni. Alifunga vizuri, kila mkunjo mahali pake. Alipofika kwenye fundo la mwisho akauliza, bila kuinua macho:

"Uliposema hujui. Ni mara ngapi ulikuwa hujui?"

Mkalimani alimsimulia yote, turubai, kilango, vifungo vya shati.

"Na mimi je?" alisema wifi. "Nilimwita mara tatu. Ukaniambia Baba anasema hataki. Alisema hataki?"

"Alisema kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu kirefu. Mimi nikasikia sitaki." Machozi yalianza kumshuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Nilisikia nilichotaka kusikia, wifi."

Wifi alisimama. Kwa muda alionekana kama mtu atakayepiga. "Mwaka mzima nimelala nikijua baba yangu hanitaki," alisema, akageuka na kwenda sebuleni alikokaa mzee.

Mkalimani hakumfuata. Kwa mara ya kwanza tangu mzee augue alimwacha azungumze na mtu bila yeye, na ilimuuma kuliko viganja. Alitoka uani. Alianza kuondoa mawe kwa viwiko, akakata kamba kwa kisu alichokishika kwa ncha za vidole, akalivuta turubai lote mpaka likaanguka chini, na upepo ukaingia ndani ya rundo. Dirisha lilikuwa wazi. Alimsikia wifi akiuliza. Akamsikia mzee akijibu, maneno marefu, yaliyopondeka, na hakujua hata moja. Akamsikia wifi akisema, "Sijasikia, Baba. Tena." Mzee akajaribu tena. "Tena, Baba, mimi sina haraka." Hakuwahi kujua kwamba sauti ile inaweza kuwa laini.

Zikapita dakika nyingi. Kisha mlango ukafunguka na Fundi akatoka, binti yake amemshika kwapa. Hakumtazama Mkalimani. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo, akakaa juu ya gogo la kupasulia, akachukua kuni moja kwa mkono wake mzima, akaigonga kwenye fimbo, akaitupa kushoto. Akachukua nyingine, akagonga, akatupa kushoto. Ya tatu, iliyolia kidogo, ikaenda kulia. Zenye ukungu alizisukuma mbali kwa mguu.

"Baba, baridi," alisema wifi. "Na hizo hazitafaa. Hazikauki leo wala kesho."

Mzee alitikisa kichwa. Akaonyesha mahali pakavu kando ya ukuta, penye upepo, akaonyesha vipande viwili vya mti vya kuweka chini ili kuni zisiguse udongo. Akasema neno.

"Mwaka?" aliuliza wifi. "Mwakani?"

Akaitikia.

"Mwakani nani atakuwa hapa wa kuzichoma?"

Fundi alijipiga kifua kwa mkono wenye vumbi la magome.

"Mimi," alisema.

Lilitoka zima, kila mtu akalisikia. Wifi, aliyekuwa amezitoa tena funguo za gari, alisimama nazo mkononi. Kisha akazitia funguo mfukoni, akakunja mikono ya gauni lake la safari, akainama na kuokota kuni.

"Nitakuwa nakuja kila mwezi," alimwambia Mkalimani, bila kumwangalia. "Na nikipiga simu, simu unampa yeye. Hata akinguruma tu. Unampa yeye, unaondoka chumbani."

"Ndiyo, wifi."

"Sijakusamehe."

"Ndiyo, wifi."

Walipanga wote watatu, safu ya kwanza, ya pili, nafasi ya kidole kati ya kuni na kuni. Mkalimani alizikumbatia kwa mikono bila kutumia viganja, kama anayebeba mtoto. Alipoweka gogo la safu ya tatu Fundi alisema kitu, akimtazama yeye. Wifi alinyanyua kichwa na kumgeukia, kwa mazoea tu, kama watu wote walivyozoea kumgeukia, na Mkalimani alishafumbua mdomo kabla hajajishika.

"Sijasikia, Baba," alisema. "Rudia."

Mzee akarudia.

"Bado. Rudia tena."

Akarudia, kwa nguvu zaidi, mate yakimruka. Mkalimani akatikisa kichwa.

"Kiziwi we!" alifoka Fundi, na tusi hilo lilitoka safi kabisa, halina doa, kiasi kwamba wifi aliangusha kuni kwa kucheka. Mkalimani hakucheka. Alipiga magoti kwenye vumbi, akainama mpaka sikio lake likagusa ndevu za mzee, akasubiri.